Karani Aliyecheka na Kitabu cha Kodi

Karani alipokuwa akisoma kitabu cha sheria ya kodi, alicheka. Si kicheko cha kejeli. Alicheka kwa raha, peke yake, kwenye kibaraza cha nyumba yake nyuma ya stesheni ya Voi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, na mtu asiyemjua akipita pale angeapa kwamba mzee amepata barua ya mchumba. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilidhani ana kasoro. Mara ya pili nilivuta kiti. Haikupita muda nikawa nacheka pamoja naye, mimi mwalimu wa darasa la nne kutoka Rukanga, niliyefundisha hesabu za asilimia huku nikiziogopa.

Wote tulimwita Karani. Alikuwa amestaafu kazi ya karani wa mishahara kwenye reli, na kama alikuwa na jina lingine, hata mkewe hakulitumia. Alivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu hadi magotini, hata Jumapili, hata Februari ambapo mbwa wa Voi hulala chini ya mabehewa na hawataki kuamka.

Niwaeleze wale ambao hawakuwa na mshahara miaka ile ya sabini. Kodi ilikatwa kabla hatujashika pesa. Karatasi ya mshahara ilikuja, ukatazama namba ya chini kabisa, ukaguna, ukaikunja. Basi. Hatukujua kwamba ndani ya sheria ileile iliyotukata kulikuwa na milango midogo midogo ya kurudishiwa. Kulikuwa na nafuu ya mwenye mke. Kulikuwa na nafuu ya watoto. Uliyekuwa ukilipa bima ya maisha ulikuwa na chako, na uliyekopa kujenga nyumba unayoishi mwenyewe, riba ya mkopo ule nayo ilikuwa na chake. Lakini hakuna hata mlango mmoja uliofunguka wenyewe. Ulipaswa kubisha, kwa fomu, na karatasi za ushahidi, na sahihi. Nani alituambia? Hakuna. Karani ndiye aliyetuambia, tena kwa sauti iliyosikika hadi kwenye jukwaa la treni.

Mimi nilimhitaji kuliko wote, na nilikaa karibu miaka miwili kabla ya kumwambia kwa nini. Ninyi niwaambie sasa, ili mjue nilikuwa nikitetemekea nini muda wote huo. Nyumbani Rukanga tulikuwa na msichana aliyeitwa Wakesho. Alimwita mama yangu "mama" na mimi akaniita "dada". Lakini Wakesho nilimzaa mimi, nikiwa na miaka kumi na minane, kwa shangazi yangu Taveta, nikarudi naye mgongoni, na mama akampokea akasema huyu ni wangu. Kijiji kizima kilijua. Kijiji kizima kilinyamaza. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi na mshahara, nikamlisha, nikamvika, na kila mwezi nikakatwa kodi ya mwanamke asiye na mtoto.

Turudi kwa Karani, maana nikianza na hayo nitalia kabla sijamaliza kumsifu.

Alikuwa na tabia ya kupiga meza. Ungempa karatasi zako, naye angezisoma taratibu, akinong'ona, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mkewe akipita alipita kwa ncha za vidole. Kisha, pu! kiganja mezani, vikombe vinaruka, na Karani amesimama. "Hiyo ni yako!" alisema. "Hiyo ni yako na hukuichukua! Miaka mingapi? Mitatu? Minne? Bwana, umelala kwenye pesa yako kama kuku juu ya mayai ya plastiki!" Mtu angeanza kujitetea kwamba hakujua, na Karani angekasirika kwa furaha, kama mnajua hasira ya namna hiyo, akizunguka meza na kuvuta soksi juu. Niliwahi kuona fundi mmoja wa reli, mtu mzima mwenye mvi, akipiga makofi kama mtoto pale kibarazani kwa sababu ya nafuu ya bima.

Hakupokea pesa ya mtu. Ukija kwake ulikuja na stempu mbili: moja ya bahasha yako, na nyingine ya mtu atakayekuja bila stempu. Za akiba alizitia kwenye mkebe wa biskuti. Lakini mtu huyohuyo aliyekataa shilingi yako alikuwa bahili wa sukari, jamani! Kijiko kimoja kwenye chai ya rangi, tena amekisawazisha kwa kidole, na ukimtazama kwa huzuni alijifanya anatafuta kalamu. Mkewe alikuwa akinitilia kijiko cha pili jikoni kwa siri. Nadhani Karani alijua.

Msidhani alikuwa adui wa serikali. Hapo ndipo watu wengi walipomkosea. Waliokuja na maneno ya kuitukana kodi aliwakatiza. "Hii barabara ya Mombasa uliyokujia ilijengwa na nani, na shemeji yako?" Alitaka serikali ichukue chake chote, hadi senti ya mwisho, na alitaka irudishe chako chote, hadi senti ya mwisho. Hakuona mgongano wowote.

Siku moja alikuja mtu wa Miasenyi aliyekuwa akiendesha lori la kampuni na kuweka kiduka kando ya barabara kuu. Alileta majina ya watoto, na Karani aliyafurahia sana, mpaka alipouliza miaka yao.

"Huyu ana miezi mingapi?"

"Saba."

"Na huyu anayemfuata?"

"Ana mwaka na mwezi mmoja."

Karani alivua miwani. "Mke wako anazaa haraka, ndugu yangu."

Basi ikatokea kwamba nusu ya watoto ni wa kaka yake, mvuvi wa ziwa Jipe, ambaye hakuwa na mshahara wala fomu. Mtu wa Miasenyi aliona ni akili: watoto wapo, nafuu ipo, kwa nini zisikutane? Karani alimfukuza. Si kwa maneno tu. Alimsindikiza hadi njia ya reli akimtupia karatasi zake moja moja, na soksi moja ilikuwa imeshuka hadi kifundo cha mguu. Alirudi anahema. "Mtoto aandikwe kwa mzazi wake," aliniambia. "Asipoandikwa hapo, asiandikwe popote." Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, na nikakiweka chini polepole ili kisinigonge meno.

Kuna siku nyingine alinishangaza kwa upande wa pili. Mlinzi mmoja wa shule, jirani yetu kule Rukanga, alikuwa ameliwa mahindi na ndovu. Walikuja watano, wakala, wakakanyaga, wakaondoka. Aliuliza kama kodi inaweza kumpunguzia. Sisi wengine tulicheka hadi tukashika mbavu. Karani hakucheka. Alimwambia arudi baada ya siku tatu, akajifungia na kitabu chake, na siku ya tatu alitoka na uso wa msiba. "Nimetafuta," alisema. "Ndovu hayumo. Kuna ugonjwa wa mwili, kuna uzee, kuna mambo mengi humu, lakini ndovu hayumo." Kisha akaandika barua ndefu kwa ofisi ya kodi kupendekeza awekwe. Sijui kama ilijibiwa. Mlinzi aliiba nakala yake ya kaboni akaitundika nyumbani kwake ukutani.

Sasa nieleze kosa letu, sisi watu wa Taita, ambalo Karani alilijua kwa sababu alikuwa nalo mwenyewe. Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza mama wa kwetu ana watoto wangapi, atakuambia "wapo", au "Mungu ametupa", kisha atakuuliza kama huko kwenu mvua imenyesha. Ukitaja namba unaalika kitu kisichokuwa na jina. Na fomu ya kodi, ambayo haikujua lolote kuhusu sisi, ilikuwa na kisanduku kidogo: idadi ya watoto. Walimu wazima, wenye vyeti, walifika kwenye kisanduku kile wakapiga kistari na kwenda mbele. Huko ofisini kistari kikasomwa vile kilivyoandikwa: hana.

Mwalimu Mwakio niliyefundisha naye, ambaye nyumba yake ilijaa watoto hadi madirishani, na mimi pia sitawahesabu hapa, alikatwa kodi miaka yote kama mtu asiye na hata paka. Mimi ndiye niliyemleta kwa Karani. Tulipanda basi la asubuhi kutoka Rukanga, tukafika Voi vumbi limetugeuza rangi, na nilikaa pembeni nikasikiliza.

"Mwalimu, una watoto?"

"Wapo, mzee."

"Mbona umepiga kistari?"

Mwakio alitazama sakafu. "Mzee, si wewe ni wa kwetu. Unajua hayo mambo."

Karani alijua. Alivuta soksi, na mimi nikadhani leo ameshindwa. Kisha nikaona macho yake yanaanza kucheka kabla ya mdomo. "Sikiza," alisema. "Usihesabu. Nani amekuambia uhesabu? Wewe andika majina. Moja, chini yake lingine, kama unaita rejista asubuhi. Kisanduku tutakiacha wazi. Kuhesabu ni kazi ya wale wa ofisini, wanalipwa kwa kazi hiyo. Hawamjui hata mmoja wa watoto wako, hawana jicho la kumdhuru."

Mwakio aliinua kichwa. Aliandika majina, na kila jina alilitamka kwa sauti: Mghoi, Mwandawiro, Mkamburi. Karatasi ilijaa akageuza nyuma. Sheria yenyewe ilitambua wachache wa kwanza tu, lakini Karani hakutaka kumkatiza mtu anayetaja watoto wake kwa furaha namna ile. Fomu ilirudi baada ya wiki kadhaa, kisanduku kitupu kimezungushiwa penseli nyekundu. Karani hakununa. Aliandika kando yake, kwa mwandiko wake wa reli, "Tazama majina", akaituma tena. Wakatazama majina. Wakahesabu wao. Mwakio akapata hundi, akaezeka nyumba yake mabati, na watoto wakabaki wazima wote.

Siku ile ya majina ndiyo iliyonivunja. Niliwasikiliza watoto wa mwenzangu wakitajwa mmoja mmoja, na moyoni nilikuwa na jina moja tu, nisiloweza kulitaja.

Wakesho alikuwa amefaulu darasa la saba mwaka huo, tena amefaulu vizuri, akaitwa shule ya sekondari ya bweni kule milimani. Karo, sanduku, blanketi, viatu vya ngozi. Mshahara wangu haukutosha. Muda ulikuwa wa majuma machache tu. Nafasi isipochukuliwa ingepewa mwingine. Nilikwenda kwa Karani peke yangu, nikaweka karatasi zangu mezani, na nikafanya ujanja wa kitoto.

"Mzee, kuna nafuu ya mtu anayemlea mdogo wake?"

Alisoma karatasi zangu, kidole kikishuka. "Ilikuwako kitu kama hicho zamani, kwa ndugu anayekutegemea. Imefutwa." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Huyu mdogo wako ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Na mama yako ana miaka mingapi?"

Nilimjibu. Alikuwa mtu wa hesabu, na hii haikuwa hesabu ngumu. Nilingoja anifukuze kama alivyomfukuza yule wa Miasenyi, na nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu.

Hakunifukuza. Alifungua kile kitabu chake, akakipekua, akakigeuza upande wangu na kuweka kidole. "Soma hapa."

Nilisoma. Ilikuwa Kiingereza cha sheria, kigumu, na nilisoma mara mbili, kisha mara ya tatu. Palikuwa na nafuu maalum ya mtu asiye na ndoa ambaye anamlea mtoto wake mwenyewe. Siyo mjane peke yake. Siyo aliyeachwa. Mtu yeyote asiye na ndoa, mwenye mtoto. Ndivyo nilivyoisoma mimi, na Karani aliitikia kwa kichwa.

"Hawakuandika neno baya," nilisema. Ndivyo nilivyosema, nakumbuka, kama mjinga.

"Hakuna neno baya humu. Fomu haiulizi baba ni nani. Inauliza mtoto ni wa nani."

Jamani, siwezi kuwaeleza furaha ile. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nikitembea nimeinamisha kichwa, nikidhani mimi ni kitu ambacho hakuna mahali kimewahi kuandikwa ila kwenye midomo ya watu. Na kumbe kuna watu mahali fulani, watu wa tai na makoti, walikaa chini wakamfikiria mwanamke kama mimi, wakamtengea mstari wake, wakaupiga chapa. Nilikuwemo! Niliweka mkono mdomoni. Karani alipiga meza, vikombe vikaruka, mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, nami nikamkumbatia mama wa watu bila kumwambia sababu.

Tulijaza fomu siku ileile, pamoja na ya miaka ya nyuma ambayo bado ingeweza kudaiwa. Cheti cha kuzaliwa cha Wakesho nilikuwa nacho. Nilikificha kwenye sanduku chini ya vyeti vyangu vya ualimu, jina langu juu yake wazi kabisa, na siku hiyo nilikuwa nimekuja nacho ndani ya mkoba nikijidanganya kwamba nimekibeba kwa bahati mbaya. Karani alikiangalia, akapanga karatasi zote, akazifunga kwa uzi wa katani, akaziingiza katika bahasha. Nikamkabidhi stempu zangu mbili. Akatia zote mbili kwenye mkebe wa biskuti.

"Mzee, na yangu?"

"Yako sitaibandika leo." Alifunga mkebe. "Mwalimu, barua yako ikijibiwa itapita kwa sanduku la posta la shule. Nani huchukua barua?"

"Watoto wa darasa la saba."

"Haya. Jina la huyu mtoto litakuwa chini ya jina lako. Nenda umwambie wewe, kabla ya posta. Ukishamwambia, nitumie neno, nitabandika stempu saa hiyohiyo."

Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwambia siku zinakwisha, nafasi ya shule itapotea, na hayo ya nyumbani kwangu hayamo kwenye kitabu chake. Alivuta soksi moja, kisha ya pili. "Hayamo," alikubali. "Lakini stempu ni zangu."

Mama alilia nilipomwambia. Hakulia kwa aibu, na hilo sikulitarajia. "Unaninyang'anya," alisema. "Nimemlea mimi." Nilimwambia hakuna anayemchukua, kwamba ni jina tu kwenye karatasi, na tulijua sote wawili kwamba nasema uongo. Mwishowe alifuta macho kwa khanga akaniambia, "Basi mwambie mchana, awe na kazi mikononi. Usimkalishe chini kama mtu aliyefiwa."

Ndovu walikuwa wamepita shambani kwetu usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi mimi na Wakesho tulikuwa tukiokota mahindi yaliyosalia, yale yaliyoangushwa bila kuliwa. Nikamwambia nikiwa nimeinama. Maneno niliyoyapanga yote yalinikimbia, yakabaki haya: "Wakesho, mimi siyo dada yako. Ni mimi niliyekuzaa."

Aliendelea kuokota. Alijaza kikapu. Akauliza, bila kunitazama, "Na mama anajua?"

"Anajua."

"Na mwalimu Mwakio?"

"Anajua."

"Na hawa majirani?"

"Wanajua."

"Kwa hivyo ni mimi tu." Akainua kikapu kichwani akaenda nacho nyumbani, nikabaki katikati ya mabua yaliyolala.

Jioni alinipakulia chakula kama kawaida akaniita dada. Kesho yake akaniita dada. Nilimtuma mwalimu Mwakio Voi na neno langu kwa Karani, na stempu ikabandikwa. Hundi ilifika ikiwa zimebaki siku nne shule kufunguliwa. Nilikwenda nayo mbio kwa Karani kabla ya benki. Hakutaka kujua kiasi. Alitaka kusoma ile karatasi iliyoambatana nayo, ambayo ilitaja kipengele cha sheria. Aliisoma mara tatu kwa sauti. Wakesho alikwenda shule na sanduku jipya la bati, viatu vya ngozi na blanketi la mistari. Alipopanda basi alinipungia mkono. "Kwaheri, dada."

Nililia hadi nyumbani, lakini siwezi kusema sikuwa na furaha.

Miaka ikaenda. Kila likizo, dada. Kwenye barua zake, Mpendwa Dada. Alisomea uuguzi Mombasa, na siku ya kuhitimu alinitambulisha kwa wenzake: huyu ni dada yangu mkubwa. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeshamwambia mara moja, na mara moja ilinigharimu vya kutosha. Nilijiambia kwamba jina langu liko kwenye karatasi, kwamba serikali inajua, kwamba hilo latosha. Halikutosha hata kidogo.

Mara ya mwisho kumwona Karani ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Wakesho alikuwa amehamishiwa hospitali moja ya Voi, na tulipita kumsalimu mzee mchana mmoja tukitoka sokoni. Kaptula ilikuwa ileile, au nduguye. Lakini macho yalikuwa yamekwenda. Alitambua sauti, tena yangu tu, na alikuwa na hasira kubwa, kwa sababu mezani palikuwa na fomu ya mlinzi mmoja wa stesheni ambaye angekuja kuichukua jioni, nayo ilikuwa imekaa siku mbili bila kujazwa. Mkewe hakusoma Kiingereza. Karani alikuwa akiipapasa ile karatasi kwa vidole kana kwamba maandishi yangeota.

"Wameandika herufi za sisimizi," alilalamika. "Wanafanya makusudi."

Wakesho alivuta kiti bila kuombwa. Akaichukua fomu, akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa Kiingereza chake safi cha hospitali. Karani aliacha kulalamika. Shingo ilinyooka. Alianza kuuliza: ana bima? Imelipwa mwaka mzima? Risiti ziko wapi? Wakesho akapata risiti, akasoma, akauliza naye, wakabishana kidogo juu ya mwezi wa nne, na Karani akaanza kucheka, kile kicheko cha zamani, nami nikacheka kwa kumwona anacheka.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Huyu anajua kazi! Binti, wewe ni wa nani?"

Nilifungua mdomo nijibu kama nilivyozoea kujibu. Lakini Wakesho alikuwa amezama kwenye fomu, nywele zimemwangukia usoni, mkono mmoja ameunyoosha upande wangu bila kuinua kichwa, kiganja wazi.

"Mama, hebu nipe kalamu," alisema.

Sikusogea. Nilikuwa nimeketi na mkoba wa soko magotini, nyanya na yote, na sikuweza kukumbuka kalamu ni kitu gani. Wakesho hakugeuka, lakini mkono aliuacha palepale, umenyooka, na sikio lililokuwa upande wangu nililiona linabadilika rangi.

Karani aligonga meza kwa subira iliyokwisha.

"Mwalimu! Kwani hukusikia? Unaitwa wewe. Mpe mtoto wako kalamu."

Nikampa.